Kusema au Kuandika? Mtu na Mashine ya Mazungumzo

UTANGULIZI

Mashine ya mazungumzo ni programu ya kompyuta inayopokea maneno ya mtu katika lugha ya kawaida na kumjibu kwa lugha hiyo hiyo. Mtu huifikia kwa simu ya mkononi au kwa kompyuta. Huweza kuiuliza bei ya mbegu, maana ya neno, dalili za ugonjwa au hali ya bahari, nayo hutafuta jibu na kulieleza. Zipo njia mbili kubwa za kusemezana nayo. Ya kwanza ni maandishi: mtu hubonyeza herufi, na jibu hutokea kwenye kioo cha simu. Ya pili ni sauti: mtu husema, na mashine humjibu kwa kutamka. Programu nyingi za siku hizi huruhusu njia zote mbili, na mtumiaji huachiwa achague.

Uchaguzi huo huonekana kuwa jambo dogo la mazoea. Mara nyingi husemwa kwamba aliyesoma atapenda kuandika na asiyesoma atapenda kusema. Makala haya yanaonyesha kwamba jambo lenyewe ni pana zaidi. Mtu yule yule huweza kusema asubuhi na kuandika jioni, na kila mara akawa na sababu nzuri. Sababu hizo hutokana na kazi aliyonayo, mahali alipo, na jinsi mashine inavyoisikia lugha yake. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Kilwa na mwambao wa Lindi, ambako wavuvi, wakulima wa mwani na wasafiri wa mashua hutegemea habari zilizo sahihi, na ambako kosa la silabi moja laweza kuleta maafa.

1. SAUTI NA MAANDISHI KATIKA HISTORIA YA MWAMBAO

Kilwa ina nafasi ya pekee katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Hati za Kiswahili ambazo kwa kawaida hutajwa kuwa za kale kuliko zote zinazojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Barua hizo zilipelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na kwa washirika wao, na leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kihistoria za Goa, nchini India.

Barua hufanya kazi ambayo sauti peke yake haikuweza kuifanya zamani hizo. Husafiri mbali na mwenyewe, hukaa, na huweza kusomwa tena baada ya miaka 300 bila neno lake kubadilika. Lakini barua haijibu swali. Mjumbe wa mdomo huweza kuulizwa akafafanua, ila maneno yake hayana ushahidi, na akipita mikono mingi huongezewa na kupunguzwa. Kila njia ilikuwa na nguvu yake na upungufu wake tangu wakati huo.

Tena maandishi hayaichukui sauti yote. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo msomaji wa barua ya namna hiyo alilazimika mara nyingi kuamua mwenyewe kama alama iliyo mbele yake ni ya i au e, ya u au o. Aliweza kuamua kwa sababu alikwisha kuisikia lugha hiyo ikisemwa. Hali hiyo ya kukisia kinachokosekana kwa msaada wa ujuzi wa lugha itaonekana tena katika kazi ya mashine.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kampeni za elimu ya watu wazima zilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 27 mwaka 1977. Katikati ya juhudi hizo, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini kote walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Kiongozi wa kikundi alikuwa na kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya masomo hayo, na baada ya matangazo kikundi kilijadiliana na kukubaliana kazi ya kufanya, kama vile kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa.

Yafaa kuangalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Sauti ya redio iliwafikia wote kwa wakati mmoja, wenye kusoma na wasiojua. Kitabu kilibaki kijijini baada ya redio kunyamaza, ili aliyesahau aweze kurejea. Waliopanga kampeni hawakuuliza ni njia ipi bora kwa jumla; waliipa kila njia kazi iliyoiweza.

2. MASHINE HUSIKIAJE?

Mashine ya kwanza ya mazungumzo iliyopata sifa kubwa ilitumia maandishi tu. Iliitwa ELIZA, na ilitengenezwa na Joseph Weizenbaum katika chuo cha MIT nchini Marekani. Maelezo yake yalitolewa mwaka 1966. Kupokea maandishi ni kazi nyepesi kwa kompyuta, kwani kila herufi inayobonyezwa ina namba yake maalumu, na namba hiyo haibadiliki awe anayebonyeza ni mzee au mtoto, mwenye mafua au mzima.

Sauti ni jambo jingine. Mtu anaposema husukuma hewa, na hewa hutikisika kwa mawimbi. Maikrofoni ya simu huyageuza mawimbi hayo kuwa umeme, na umeme huo hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde. Kipimo kinachotumika sana ni mara 16,000. Kisha mashine huigawa sauti katika vipande vidogo vya kama milisekunde 25 kila kimoja, na katika kila kipande hutazama ni mitikisiko gani yenye nguvu. Hapo hukisia: kipande hiki chafanana na s, hiki chafanana na a. Makisio hayo huunganishwa na ujuzi wa lugha, yaani hesabu ya maneno yapi hufuatana mara kwa mara, na mwishowe mashine huchagua sentensi yenye uwezekano mkubwa kuliko nyingine.

Mwanafunzi ataona kwamba mashine hufanya kama msomaji wa barua ya kale: hujaza kwa ujuzi wa lugha kile ambacho alama hazikukieleza. Tofauti ni kwamba ujuzi wa mashine hutokana na mifano iliyolishwa. Maadamu mifano ni michache, makisio huwa dhaifu. Mashine ya kwanza ya kutambua sauti, iliyotengenezwa mwaka 1952 katika maabara za Bell nchini Marekani, ilitambua tarakimu tu, na ilihitaji kurekebishwa kwa kila msemaji mpya. Huduma ya kuandika kwa kutamka kwa Kiswahili ilianza kupatikana katika programu za simu za Google mwaka 2017. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambamo watu hujitolea kurekodi sauti zao wakisoma sentensi, Kiswahili kiliingizwa mwaka 2021.

Sauti pia ina uzito kuliko maandishi. Ikiwa kila kipimo cha sauti huhifadhiwa kwa baiti 2, sekunde moja ya kusema huchukua baiti 32,000, na dakika moja huchukua baiti 1,920,000. Katika dakika hiyo mtu husema kama maneno 120. Maneno hayo yakiandikwa, kila moja likikadiriwa herufi 7 pamoja na nafasi, huchukua baiti 840 tu. Sauti basi imekuwa nzito zaidi ya mara 2,000. Simu huibana sauti kabla ya kuituma, lakini hata ikibanwa hadi baiti 2,000 kwa sekunde bado ni nzito kuliko maandishi kwa mara 143 hivi. Mahali ambapo mtandao ni hafifu au bando ni dogo, tofauti hiyo huonekana waziwazi: ujumbe wa maandishi hupita, ujumbe wa sauti hukwama.

3. MAMBO YANAYOMWONGOZA MTU KUCHAGUA

(a) Upesi. Jaribio lililofanywa na watafiti wa Stanford, Baidu na Chuo Kikuu cha Washington, na kutangazwa mwaka 2016, lililinganisha kuandika kwa vidole kwenye simu na kuandika kwa kutamka. Kwa Kiingereza na kwa Kichina cha Mandarin, kutamka kulikuwa kwa upesi karibu mara tatu. Hapo ndipo wengi hukata shauri kwamba sauti imeshinda. Lakini mazungumzo yana pande mbili, kutoa na kupokea. Uchambuzi wa majaribio mengi ya kusoma uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtu mzima husoma Kiingereza kimya kwa wastani wa maneno 238 hivi kwa dakika, nayo ni kasi kubwa kuliko ya kusikiliza mazungumzo ya kawaida. Aidha jicho huweza kuruka lisilohitajika, ilhali sikio halina budi kungoja. Kwa mtu anayesoma vizuri, basi, njia ya upesi ni kusema swali na kusoma jibu.

(b) Kumbukumbu. Sauti hupita. Mgonjwa aliyeambiwa ameze vidonge viwili mara tatu kwa siku kwa siku tano amepewa namba tatu kwa pumzi moja, na ni rahisi kuzibadilishana kichwani. Maandishi hungoja mpaka yahitajiwe. Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya kusini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa kwa mfululizo, na mvua zilizofuata ziliikata barabara kuu ya kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Katika siku kama hizo taarifa ya asubuhi huwa imepitwa na ya jioni. Taarifa iliyoandikwa, yenye tarehe na saa, huweza kulinganishwa na iliyotangulia. Iliyosikika tu huchanganyika na uvumi.

(c) Siri. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Mtumiaji hubonyeza namba, husoma orodha fupi, huchagua, kisha huingiza namba ya siri. Hakuna mwenye akili timamu ambaye angependa kuitamka namba hiyo gulioni Kilwa Masoko. Hali ni hiyo hiyo kwa msichana mwenye swali kuhusu afya yake ndani ya nyumba yenye watu wengi. Katika mambo ya fedha, ugonjwa na aibu, maandishi ni pazia. Lakini pazia hilo lina tundu: kilichoandikwa hubaki kwenye simu, na simu nyingi za nyumbani hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

(d) Mikono, macho na masikio. Mkulima wa mwani aliye majini wakati wa maji kupwa ana mikono yenye chumvi. Mvuvi anayepanga nyavu hana nafasi ya kubonyeza vitufe. Hao huona nafuu kusema. Asiyeona hutegemea sauti kabisa, na kiziwi hutegemea maandishi au picha. Kwa upande mwingine upepo wa kusi, mngurumo wa injini ya boti na kelele za mnadani huingia katika maikrofoni pamoja na maneno, na mashine haina uzoefu wa mwanadamu wa kutenga sauti moja kati ya nyingi.

(e) Kujua kusoma. Jambo hili lina uzito mkubwa, lakini lisichukuliwe kuwa ndilo pekee. Wapo waliojifunza kusoma lakini huchoshwa na herufi ndogo za simu. Wapo pia wasiosoma sana ambao hukariri mpangilio wa namba za huduma na kuzibonyeza bila kukosea. Anayeijua njia ya namba hashurutiki kuijua alfabeti yote.

4. MAJARIBIO YAMEFUNDISHA NINI?

Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa na wakulima wa jimbo la Gujarat, nchini India. Wakulima walipiga simu kwenye huduma iliyowasomea habari za kilimo kwa lugha yao. Baadhi walichagua habari kwa kutamka neno, na wengine kwa kubonyeza namba. Ilidhaniwa kwamba kutamka kungewafaa zaidi watu wa vijijini. Matokeo yalikuwa kinyume: waliobonyeza namba walifaulu kukamilisha kazi zao zaidi ya waliotamka. Sababu mojawapo inaeleweka kwa urahisi. Chombo cha kutambua sauti kilichotumika kiliundwa kwa Kiingereza cha Marekani, na maneno ya Kigujarati yalilazimishwa kuingia katika kipimo cha sauti za lugha nyingine.

Jaribio la mwaka 2016 lililotajwa juu na hili la mwaka 2009 huonekana kupingana, lakini sivyo. La kwanza lilifanywa kwa lugha zilizokwisha kulishwa mashine kwa wingi, la pili kwa lugha iliyokuwa ngeni kwake. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba anapenda sauti au anapenda maandishi, huenda anaeleza tu jinsi mashine ilivyomtendea. Aliyeeleweka mara ya kwanza atasema tena. Aliyelazimika kurudia neno mara tatu mbele ya wenzake atarudi kwenye vitufe, hata kama kusema kungemfaa zaidi.

Hata ndani ya lugha moja watu hawasikiwi sawa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulipima mashine tano za kutambua Kiingereza zilizotengenezwa na makampuni makubwa. Kwa wastani mashine hizo zilikosea maneno 19 katika kila 100 ya wasemaji Weupe, na maneno 35 katika kila 100 ya wasemaji Weusi. Wote walikuwa wakisema Kiingereza, katika nchi moja.

5. KISWAHILI CHA MWAMBAO MBELE YA MASHINE

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo tahajia imekuwa moja kwa kiasi kikubwa. Mwanafunzi wa Lindi na wa Mwanza huandika neno kwa herufi zile zile. Katika kusema tofauti zimebaki. Kilwa na kusini yake wataalamu wa lahaja wameitambua lahaja iitwayo Kimgao, na wengi wa wasemaji wa Kiswahili katika eneo hilo walianza na Kimachinga, Kimatumbi, Kingindo, Kimwera au Kimakonde. Maandishi huzificha tofauti hizo, sauti huzifunua. Mashine iliyozoea matamshi ya watangazaji wa mjini yaweza kumsikia mzee wa Kivinje kwa makosa mengi, na kumfanya adhani kwamba kosa ni lake.

Kwa msemaji ambaye kwake r na l hukaribiana, kura na kula, mahari na mahali hutegemea maneno jirani ili zitofautishwe. Lakini sauti nayo hubeba mambo ambayo maandishi huyaacha. Mtu akisema barabara kwa kukaza silabi ya pili, ana maana ya sawasawa. Akikaza silabi ya tatu, ni njia. Katika baadhi ya lahaja za pwani, kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi, na kaa la moto bila pumzi, ingawa yote mawili huandikwa kwa herufi zile zile. Maneno "mashua imefika" huwa habari au swali kwa mpando na mshuko wa sauti tu, na wanaoandika kwa haraka kwenye simu huiacha alama ya kuuliza.

Saa za Kiswahili ni mtego mwingine. Nahodha asemaye "tutatweka saa kumi alfajiri" ana maana ya saa ambayo simu huionyesha kuwa 4:00. Akiandika "saa 10" pasipo neno alfajiri, mashine iliyolishwa hesabu za kigeni huenda ikaelewa vingine kabisa. Hapa kosa haliko katika masikio wala katika macho ya mashine, liko katika ujuzi wake wa desturi.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika ukanushi. Watafiti hupima mashine kwa kiwango cha makosa ya maneno. Hujumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Na ichukuliwe sentensi hii:

Upepo wa kusi utakuwa mkali sana kesho, usisafiri kwenda Songosongo.

Tuseme mashine imeandika:

Upepo wa kusi utakuwa mkali sana kesho, usafiri kwenda Songosongo.

Sentensi ina maneno 10, na neno moja tu limekosewa. Kiwango cha makosa ni asilimia 10, na mtengenezaji huweza kujivunia usahihi wa asilimia 90. Lakini silabi si imepotea, na onyo limegeuka kuwa ruhusa. Kiswahili huweka ukanushi, mtendaji na wakati ndani ya neno moja kwa viambishi vifupi; sauti ndogo iliyomezwa na upepo huweza kugeuza maana yote. Kipimo kinachohesabu maneno pasipo kuangalia uzito wake hakitoshi kwa lugha ya namna hii.

Ndiyo sababu mabaharia na marubani wana desturi ya kurudia amri waliyopewa kabla ya kuitekeleza. Mashine ya mazungumzo inayotoa maonyo au maelekezo ya dawa haina budi kufanya vivyo hivyo: ionyeshe kwa maandishi kile ilichosikia, iulize kama ndivyo, na kwa asiyesoma ikirudie kwa sauti na kwa maneno mengine, kwa mfano, "Umesema usiende. Ndivyo?" Neno "usiende" likiwa limesimama peke yake husikika vizuri kuliko likiwa katikati ya sentensi ndefu.

6. HITIMISHO

Kutokana na maelezo haya yaonekana kwamba upendeleo wa mtu kwa sauti au maandishi ni jibu lake kwa hali iliyomzunguka. Sauti hufaa kwa swali la haraka, kwa mikono yenye kazi, kwa asiyesoma na kwa asiyeona. Maandishi hufaa kwa namba, kwa siri, kwa kumbukumbu na kwa mtandao hafifu. Huduma inayotoa njia moja tu humwacha mtu nje, na mara nyingi aachwaye ni yule aliyeihitaji zaidi. Tena hesabu ya walioacha kutumia sauti isichukuliwe haraka kuwa ushahidi kwamba hawaitaki. Kwanza iulizwe kama walisikiwa.

Shule za mwambao zina nafasi katika kazi hii. Mashine hujifunza kwa mifano, na mifano ya matamshi ya Kilwa, Mchinga na Lindi haiwezi kutolewa na mtu asiyetoka huko. Kupima, kuandika matokeo na kuyaeleza kwa uaminifu ni kazi ambayo wanafunzi wa sekondari wanaiweza.

7. JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: simu moja yenye huduma ya kuandika kwa kutamka kwa Kiswahili, saa ya kupimia sekunde, karatasi na kalamu.

Hatua ya 1. Darasa litunge sentensi 10 zenye maneno 10 kila moja. Sentensi tano ziwe na ukanushi, tatu ziwe na saa au namba, na mbili ziwe na majina ya mahali pa wilaya hiyo.

Hatua ya 2. Wanafunzi watano, wa kike na wa kiume, wazisome sentensi zote kwenye simu ndani ya chumba kilicho kimya. Muda na maneno yaliyokosewa yaandikwe katika jedwali.

Hatua ya 3. Wanafunzi hao hao waziandike sentensi hizo kwa vidole kwenye simu hiyo, na muda na makosa yaandikwe vile vile.

Hatua ya 4. Jaribio la sauti lirudiwe nje, mahali penye upepo au kelele.

Hatua ya 5. Kila aliyeshiriki aulizwe ni njia ipi aliyoipenda, na kwa nini. Jibu lake lilinganishwe na makosa yaliyompata.

Tahadhari: namba za siri, habari za ugonjwa wa mtu na majina ya watu yasitumike katika sentensi. Wanafunzi wakumbuke pia kwamba watu watano ni wachache. Matokeo yaeleze darasa hilo, yasielezwe kuwa ya mkoa mzima.

MASWALI

1. Eleza kwa nini kupokea herufi ni kazi nyepesi kwa kompyuta kuliko kupokea sauti.

2. Ujumbe wa sauti wa sekunde 45 umebanwa hadi baiti 2,000 kwa sekunde. Maneno yake ni 90, na kila neno huchukua baiti 7. Tafuta ni mara ngapi ujumbe wa sauti ni mzito kuliko wa maandishi.

3. Mashine ilisikia sentensi ya maneno 20. Ilibadilisha maneno 2, iliacha 1 na kuongeza 1. Tafuta kiwango cha makosa ya maneno. Je, kiwango hicho chatosha kueleza kama ujumbe umefika salama? Toa sababu.

4. Taja maneno mawili ya Kiswahili ambayo maandishi huyafananisha na sauti huyatofautisha, na mawili ambayo wasemaji wengine huyafananisha kwa sauti lakini maandishi huyatofautisha.

5. Wavuvi wa kijiji kimoja wamepewa huduma ya kuuliza hali ya bahari kwa sauti. Baada ya mwezi mmoja wengi wameiacha. Pendekeza sababu tatu zinazowezekana, na ueleze jinsi kila moja inavyoweza kuchunguzwa.